Ukulele ya Kukaa Mkononi, Do ya Kukaa Kooni

Katika familia yetu watu watatu tunapiga ukulele, ile ala ndogo ya nyuzi nne inayofanana na gitaa, na mikono yetu haifanani hata kidogo. Kaka yangu ni seremala wa Mafinga mwenye vidole vipana vilivyozoea randa, mama yetu aliyeko Tukuyu ana vidole vinavyokakamaa kila baridi inapoingia, nami ninafundisha watoto wa shule ya Jumapili hapa Uyole, mikono yangu ikiwa ya kawaida tu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiulizwa na akina mama wa kwaya, na wazazi wa watoto ninaowafundisha, ni ukulele ipi inayomfaa mtu anayeanza, na kila mara nimewajibu kwa haraka mlangoni mwa kanisa jibu ambalo sasa naona halikutosha. Leo nimekaa ili nilijibu swali hilo kwa kirefu.

Kwanza niondoe kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa sababu naona linawapata wengi waliolelewa kwenye kwaya. Ukulele huuzwa kwa majina ya soprano, konseti, tena (yaani tenor) na baritoni. Mwanakwaya akiyasikia, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye zile sauti nne za kwaya. Mimi ninaimba sauti ya pili, kwa hiyo nilipoagiza ukulele yangu ya kwanza nilitafuta iliyoandikwa alto, nikaikosa, nikachukua soprano kwa kuamini kwamba ndiyo iliyo jirani na sauti yangu. Sivyo majina hayo yanavyosema. Soprano, konseti na tena kwa kawaida hufungwa sauti zilezile, yaani G, C, E na A, na kinachobadilika ni urefu wa uzi, nafasi ya vidole na ukubwa wa sanduku. Ni baritoni peke yake inayoshuka kweli, kwa kuwa nyuzi zake ni D, G, B na E, sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa.

Sisi tuliojifunza nyimbo kwa solfa tuna njia nyepesi ya kulielewa jambo hili, nami sijui kwa nini nilichelewa kuliona. Piga nyuzi nne za ukulele zikiwa wazi, kuanzia ule ulio karibu na kidevu hadi ulio karibu na sakafu, na utasikia so, do, mi, la. Kwenye soprano, konseti na tena, do hiyo ni C. Kwenye baritoni wimbo ni uleule, so, do, mi, la, ila do imeshuka ikakaa kwenye G. Ukizikaza nyuzi zote za soprano kwa hatua moja nzima utapata A, D, F kali na B, na bado utasikia so, do, mi, la, do ikiwa D. Ukizilegeza zote kwa hatua moja utapata F, B flati, D na G, na do itakuwa B flati. Vidole havijifunzi kitu kipya. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja, zile tatu rahisi ambazo kila anayeanza huzishika katika wiki ya kwanza, ile ya do, ile ya fa na ile ya so, zinabaki na maumbo yaleyale, na kinachohama ni mahali zinapokaa kooni.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza anunue ukubwa gani, namwomba kwanza aniimbie. Namwambia achague wimbo anaouimba anapoosha vyombo, auimbe bila ala yoyote, bila kujikaza, kisha ashikilie do ya wimbo huo huku programu ya kupimia sauti ikiwa wazi kwenye simu. Simu itamwonyesha herufi. Mwanamke wa sauti ya pili kama mimi mara nyingi ataangukia B flati au A, watoto watakwenda D au juu kidogo, na wanaume wengi watakuwa kwenye C au D lakini oktava nzima chini. Hapo mtu ameshajua nusu ya anachokitafuta. Mpigaji anayetumia kodi rahisi kwenye do isiyokuwa yake atajiona hajui kuimba, na wengi niliowaona wakiiacha ala hii waliiacha kwa sababu hiyo, wakidhani tatizo ni vidole.

Nusu ya pili ni mkono, na hapa kuna mengi ya kusema.

Urefu unaopaswa kuuangalia ni ule wa uzi unaolia, kuanzia kile kipande cheupe chenye mifereji kilicho juu ya shingo hadi kibao kinachozishika nyuzi tumboni, na wala si urefu wa ala nzima. Soprano ina kama sentimita 34 au 35, konseti 38, tena 43, na baritoni huanzia 48 hadi kufika 51. Nilichukua utepe wa cherehani nikapima freti ya kwanza, yaani kile chuma chembamba cha kwanza kinachokatiza shingo, iko mbali kiasi gani na kile kipande cheupe: kwenye soprano yangu ni milimita 19, kwenye tena ya kaka ni 24. Milimita tano ni kama unene wa penseli ndogo, lakini weka vidole vitatu hapo ndipo utajua uzito wake. Chukua kodi ya D inayopigwa katika mpangilio wa kawaida: vidole vitatu vinasimama kwenye freti ya pili, kwenye uzi wa nne (ule wa karibu na kidevu), wa tatu na wa pili, vikiwa bega kwa bega kama abiria wa daladala ya asubuhi, na uzi wa kwanza unapaswa kubaki wazi ukilia. Kaka yangu alipoijaribu kodi hiyo kwenye soprano yangu, kidole chake cha tatu kilifunika nyuzi mbili kwa mpigo mmoja na cha kwanza kikapanda juu ya chuma cha freti, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbao tupu. Alinirudishia kwa upole, akaniambia kwamba ala hii ni ya watoto. Nilimkatalia pale pale, kwa sababu soprano ndiyo ukulele ya asili, na wapo wanaume wa mikono mikubwa wanaoipiga vizuri sana kwa kuegemeza vidole wima zaidi, au kwa kuibana freti nzima kwa kidole kimoja. Lakini kwake yeye, aliyetaka kupiga jioni moja baada ya kazi bila kupigana na kitu, tena ilikuwa jibu sahihi.

Hata hivyo tena ya kwanza tuliyoiazima haikumsaidia kama tulivyotarajia, na hapo ndipo nilipojifunza kuangalia upana. Shingo ya ukulele, pale kwenye kipande cheupe, inaweza kuwa na milimita 35 au 38, hata katika ukubwa uleule, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha nyuzi kwa nyuzi. Tena ile ya kuazima ilikuwa na 35. Aliyonunua baadaye ina 38, na vidole vyake vikapumua. Kwa hiyo mwenye vidole vinene asiulize ukubwa peke yake, apime na shingo, na mwenye vidole vifupi asikimbilie shingo pana kwa sababu tu ameambiwa ni ya starehe.

Kaka hupenda sana kukumbushwa kwamba ala hii ililetwa ilikozaliwa na watu wa kazi kama yake. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, Hawaii, ikiwa na wahamiaji wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Gitaa dogo la kwao, lililoitwa machete, ndilo lililogeuka kuwa ukulele mikononi mwa mafundi hao, na udogo wa soprano unatokana nalo. Konseti na tena zilikuja katika miaka ya 1920, wapigaji walipotaka sauti kubwa zaidi, na baritoni ilifuata katika miaka ya 1940. Kwa maneno mengine, ukubwa huu wote ulitengenezwa hatua kwa hatua kwa mahitaji ya watu, na hakuna ulio wa heshima kuliko mwingine.

Lipo jambo la nguo ambalo sijaona mtu akilitaja, pengine kwa sababu wanaoandika kuhusu ukulele wengi wanaishi penye joto. Soprano haina uzito wala haihitaji mkanda, unaibana kifuani kwa mkono wa kulia, basi. Sasa kaa Uyole mwezi wa saba saa moja asubuhi, umevaa sweta zito na koti juu yake, kisha uibane hivyo. Inateleza, na mkono wenye nguo nene unalala juu ya ubao wa mbele na kuziba sauti. Wakati huo ndipo konseti inapojionyesha, kwa kuwa sanduku lake lina mahali pa kuweka kiwiko bila kuufunika ubao. Tena inahitaji paja au mkanda. Mimi nilishona mkanda wa kitenge, nikaufunga kichwani mwa ala na kwenye kitufe kilicho chini, na mkono wa kushoto ukaacha kazi ya kubeba ukabaki na kazi ya kupiga.

Soprano yangu ya kwanza ilinitesa kwa sababu nyingine ambayo haihusu ukubwa, na nasikitika kwamba muuzaji aliyeniuzia, ambaye nilimweleza maumivu yangu mara mbili, alinijibu kwamba vidole vitazoea. Nyuzi zilikuwa zimekaa juu mno kwenye kile kipande cheupe. Kodi ya F, inayohitaji kidole kimoja tu kwenye freti ya kwanza na kingine kwenye ya pili, iliniachia alama nyekundu, na ubaya zaidi ni kwamba uzi ukibonyezwa kutoka juu sana unavutika, sauti inapanda, na kodi inasikika imechacha hata kama nyuzi zimepatanishwa vizuri. Nilidhani sikio langu ndilo bovu. Kaka alinionyesha namna ya kukagua: bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Inapaswa kuwa kama unene wa karatasi. Ya kwangu ilipitisha ukucha. Aliichimba mifereji kidogo kidogo kwa tupa nyembamba, akisimama kila baada ya misuguo miwili kupima, maana mfereji ukizidi kina uzi utagusa freti na kunguruma, na hapo hakuna kurudi nyuma. Ilimchukua robo saa. Tangu siku ile ninaamini kwamba nusu ya ukulele zinazoitwa ngumu hazina tatizo la ukubwa, zina mifereji ambayo haikumaliziwa kiwandani.

Turudi kwenye mpangilio wa sauti, kwa maana bado sijaligusa swali la so.

Katika ukulele ya kawaida uzi wa nne, ule wa so, hauko chini ya do kama mtu angetarajia, uko juu yake, kati ya mi na la. Ndiyo maana ukizipiga nyuzi kwa kufuatana, sauti inaanza juu, inashuka, kisha inapanda tena. Huo ndio mlio unaoitambulisha ukulele hata ukiisikia kutoka chumba cha pili, na kwa watoto ninaupenda kuliko kitu chochote, kwa kuwa kodi zinakuwa zimeshikana na kung'aa. Lakini mwanakwaya anayetaka kupiga wimbo wenyewe, sauti kwa sauti, atakutana na ukuta. Nyimbo nyingi mno za kwaya zinaanza na so ya chini inayorukia do, ile tunayoiandika na kialama chini yake, na kwenye ukulele ya kawaida so hiyo haipo kabisa, kwa sababu do ndiyo sauti ya chini kuliko zote. Kaka yangu, anayeimba besi, alikuwa akifika mwanzo wa wimbo na kuusitisha mkono.

Nilijaribu kumsaidia kwa kuulegeza uzi ule wa nne oktava nzima. Ulilala kama uzi wa kushonea, ukawa unagonga freti bila kutoa sauti yoyote ya maana. So ya chini inataka uzi mnene zaidi, na nyuzi za ukulele si rahisi kuzipata hapa Mbeya, ila za gitaa zipo. Hapa nasihi kwa nguvu zote: usifunge nyuzi za chuma kwenye ukulele, maana mvuto wake ni mkubwa na kibao cha tumboni kinaweza kung'oka. Tulichofanya ni kununua seti ya nyuzi za gitaa la nailoni, tukachukua uzi wa nne, ule wa D uliozungushiwa waya mwembamba, tukaufunga kwenye tena na kuukaza hadi G. Kwa kuwa tena ni fupi kuliko gitaa, uzi huo unafika G ukiwa na mvuto mdogo kuliko ule uliokuwa nao kwenye gitaa ukiwa D, kwa hiyo hauumizi ala. Kaka aliupanua mfereji wake kwa msasa uliokunjwa. Jioni ile alipiga so, do kwa mara ya kwanza, akarudia mara nyingi bila kuendelea na wimbo, na mkewe akatoka jikoni kuja kuangalia.

So ya chini inapendeza zaidi kwenye tena na konseti. Kwenye soprano uzi mnene unakosa urefu wa kutosha na mlio wake huwa wa kuvimba, kwa hiyo siipendekezi.

Kwa watoto nimechagua soprano iliyokazwa hadi D. Sababu ya kwanza ni koo, kwa kuwa kwenye C nyimbo nyingi zinawashukia chini mno na wananong'ona badala ya kuimba, nikiongeza hatua moja wanafunguka. Sababu ya pili ni kwamba nyuzi za soprano ni fupi na mara nyingi zimelegea, nazo zikikazwa zinaamka. Mpangilio huu una historia ya darasani pia, kwa kuwa J. Chalmers Doane wa Halifax, Kanada, aliyeeneza ukulele katika shule za huko kuanzia miaka ya 1960, aliwafundisha watoto kwa D. Lakini mtu asiufanye hivyo hivyo kwenye tena yenye nyuzi za kawaida. Kupanda hatua moja kunaongeza mvuto wa uzi kwa karibu robo, na kwenye uzi mrefu ambao tayari umekaza, robo hiyo inaumiza vidole na kukitesa kibao.

Kuhusu baritoni sina mengi. Niliishika kwa siku mbili Iringa, nikaona kwamba mtu anayejua gitaa ataipiga bila kufundishwa, na kwamba sauti yake ya kina inafaa sana ibada ya jioni. Kwangu shingo yake ilikuwa ndefu mno.

Konseti niliinunua kwa ajili yangu mwenyewe, na baada ya kujua kwamba do yangu ni B flati niliishusha hatua moja. Nilifanya hivyo kwa ajili ya koo tu. Kupunguza hatua moja kunapunguza mvuto wa uzi kwa karibu sehemu moja ya tano, jambo ambalo sikulifikiria hadi nilipoibeba kwenda Tukuyu mwezi wa saba, wakati ukungu unakaa hadi karibu saa nne na mama haachi kuipasha mikono yake juu ya jiko. Miaka iliyopita alikuwa ameijaribu soprano yangu, akairudisha akishika kiwiko. Safari hii niliiacha konseti juu ya kochi nikaenda kusaidia kumenya ndizi, na kutoka jikoni nikaisikia kodi ya do, kidole kimoja, uzi wa kwanza, freti ya tatu. Halafu kimya. Halafu ya fa.

Nilitoka nikamkuta ameliweka tumbo la ala kwenye paja, shingo ikiwa imeinuka kidogo, kidole gumba hakijabana nyuma kama ninavyowakataza watoto, kimegusa tu. Nilimuuliza kama vidole vinamuuma. Alisema nyuzi hizi ni laini, kisha akauimba ubeti mzima kwa Kinyakyusa kwenye do ileile ya B flati, ambayo kumbe ni yake pia. Nilipomwonyesha namna ya kubadili kodi ya so bila kuinua vidole vyote aliniambia, «Ndaga, mwanangu,» yaani asante, na akaendelea bila kunitazama.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia kwenye karatasi herufi nne, F, B flati, D, G, nikaibandika ndani ya mfuko wa ala, kwa sababu programu nyingi za simu zimewekwa kwenye mpangilio wa C, na mtu asipobadili na kuweka ule unaosoma sauti zote atakaza nyuzi hadi zirudi kule kule zilikotoka. Nilimweleza pia asiiache karibu na jiko la mkaa, maana mbao hukauka na kupasuka, na asubuhi za baridi azipatanishe nyuzi baada ya kuishika ala dakika chache ipate joto la mwili. Konseti imebaki Tukuyu. Nimeagiza nyingine, yenye shingo ya milimita 38, na ikifika nitaanza kwa kuikagua mifereji yake.